Vita vya Megabaiti Moja

Tarehe 23 Mei 2017 kampuni 58 kutoka nchi 22 zilitangaza kwamba zimekubaliana jinsi Bitcoin itakavyobadilishwa. Tangazo lilitokea New York, ambako wiki hiyo wafanyabiashara wa sarafu za kidijitali walikuwa wamekusanyika kwa mkutano wao wa mwaka. Waliotia sahihi walitaja nguvu zao kwa tarakimu: wachimbaji walioungana nao walikuwa na asilimia 83.28 ya nguvu yote ya kompyuta iliyoulinda mtandao, na wengine waliendesha masoko na pochi za mamilioni ya wateja. Katika orodha ile, pamoja na majina makubwa ya Marekani na China, lilikuwamo jina la kampuni ya Nairobi: BitPesa.

Haikutimia miezi sita, mkataba ukawa umekufa. Hakuna mahakama iliyoubatilisha wala serikali iliyoupiga marufuku. Kura haikupigwa. Ulikufa kwa kuwa watu ambao hawakualikwa mezani waligoma kuufuata, na mgomo wao ulitosha.

Namna ulivyotosha ndiyo sehemu ya historia ya Bitcoin inayostahili kusimuliwa polepole, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo kila mtandao usio na mwenyewe hukutana nalo siku moja: likitokea jambo la kuamua, anaamua nani?

Bitcoin ni daftari. Kila malipo huandikwa humo, na nakala ya daftari zima huwekwa kwenye maelfu ya kompyuta duniani, zinazoitwa nodi. Takriban kila dakika 10 huongezwa ukurasa mpya. Ukurasa huo ndio bloku. Wanaoandika bloku ni wachimbaji, wenye mashine maalumu zinazokula umeme mwingi zikishindana kutegua fumbo la hesabu. Anayeshinda hupata bitcoin mpya pamoja na ada za malipo aliyoyaandika. Wanaotunga programu yenyewe ni kundi jingine. Kuna masoko ya kubadilishia sarafu, kuna maduka yanayopokea malipo, na kuna mtu wa kawaida aliyeweka nodi kwenye kompyuta ya chumbani kwake. Hakuna andiko linalosema yupi kati yao ni mkubwa wa mwenzake.

Mwanzoni andiko hilo halikuhitajika, maana mwanzilishi alikuwapo. Satoshi Nakamoto, jina ambalo mwenyewe hajathibitika hadi leo, alitoa waraka wake tarehe 31 Oktoba 2008 na kuandika bloku ya kwanza tarehe 3 Januari 2009. Kwa karibu miaka miwili neno lake lilifuatwa. Tarehe 15 Agosti 2010 mtu mmoja alitumia kosa lililokuwa ndani ya programu akajizalishia zaidi ya bitcoin bilioni 184, katika sarafu ambayo jumla yake haikupaswa kuzidi milioni 21. Ndani ya saa chache Satoshi alitoa programu iliyosahihishwa, wachimbaji wakaipakua, na bloku ile pamoja na zilizoifuata zikaachwa kana kwamba hazikuandikwa.

Katika miezi hiyohiyo aliingiza kwenye programu mstari mfupi: bloku isizidi megabaiti 1. Wakati ule malipo yalikuwa machache mno kiasi kwamba kikomo hicho hakikumgusa yeyote. Kilieleweka kuwa kinga, mtu asije akaufurikisha mtandao kwa takataka. Mmoja wa wenzake alipopendekeza kiongezwe, Satoshi alijibu Oktoba 2010 kwamba kinaweza kupandishwa baadaye haja ikitokea. Kisha akaanza kujitenga, na mwezi Aprili 2011 akamwandikia mwenzake kwamba amehamia kwenye mambo mengine. Hakuacha mrithi mwenye hati, na mstari wake mfupi ukabaki palepale alipouweka.

Programu ikawa mikononi mwa Gavin Andresen, Mmarekani mpole aliyeamini kazi yake ni kuondoa vikwazo ili watu wengi zaidi waitumie Bitcoin. Mwaka 2014 yeye naye alikabidhi usimamizi kwa Wladimir van der Laan wa Uholanzi. Kabla ya hapo, hata hivyo, kulitokea tukio dogo ambalo pande zote zilizokuja kugombana zingeweza kulitumia kama ushahidi.

Usiku wa tarehe 11 Machi 2013 daftari liligawanyika. Nodi zilizokuwa na toleo jipya la programu, 0.8, ziliikubali bloku namba 225430. Nyingi kati ya zile za toleo la 0.7 zilishindwa kuisoma zikaikataa. Kuanzia hapo Bitcoin zikawa mbili, na kila dakika pengo likazidi kupanuka. Nguvu kubwa ya uchimbaji ilikuwa upande wa toleo jipya, na kwa hesabu ya kawaida upande huo ungeshinda. Lakini watumiaji na wafanyabiashara wengi walikuwa bado kwenye toleo la zamani. Waandishi wa programu wakakutana mtandaoni kwa haraka na kuomba wachimbaji warudi nyuma. Msimamizi wa BTC Guild, mojawapo ya makundi makubwa kabisa ya uchimbaji wakati huo, alikubali, ingawa alijua kwamba kila bloku aliyokwisha kuichimba upande ule mwingine, yenye thamani ya bitcoin 25, ingepotea. Wengine wakafuata. Baada ya saa sita hivi daftari lilikuwa moja tena, na bloku 24 zikawa zimetupwa.

Nani alitawala usiku ule? Waandishi wa programu ndio waliotoa shauri. Wachimbaji ndio waliobeba hasara na kuufanya uamuzi uwe kweli. Na sababu ya yote ilikuwa watumiaji wa toleo la zamani, ambao walilala wakaamka bila kujua kuwa kuna lililotokea. Kila kundi lilikuwa na haki ya kujihesabu kuwa mwenye nyumba.

Kufikia 2015 mstari wa Satoshi ulianza kubana. Bloku ya megabaiti 1 hubeba malipo matatu hadi saba kwa sekunde, na bloku zilikuwa zinakaribia kujaa. Andresen alitaka zipanuliwe mara 20. Akaungana na Mike Hearn, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Google, na mwezi Agosti wakatoa programu mbadala iliyoitwa Bitcoin XT: bloku zingefika megabaiti 8, kisha kikomo kingeongezeka maradufu kila miaka miwili kwa muda wa miaka 20. Mabadiliko yangeanza pindi asilimia 75 ya bloku zilizochimbwa zikionyesha kuunga mkono.

Waliopinga walikuwa na hoja nzito, na ni kosa kuwaona kama watu walioogopa maendeleo tu. Kadiri bloku inavyokua, daftari nalo linakua, na anayeweza kulihifadhi na kulikagua lote hupungua. Leo ni mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti ya nyumbani. Kesho itakuwa kampuni yenye ghala la seva. Siku ambayo wakaguzi watabaki kumi na tano wanaojuana kwa majina, serikali au kundi la wafanyabiashara litawaita ofisini na kuwaambia nini cha kuandika. Msomaji anayenunua bando kwa siku anaielewa hoja hii vizuri: daftari lisilopakulika kwa bando lake si lake.

Upande wa pili nao haukuwa wa kubezwa. Nafasi ikiwa finyu, malipo hushindana kwa ada, na anayeshindwa ni yule anayetuma kidogo. BitPesa, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2013 na Elizabeth Rossiello, iliitumia Bitcoin kama daraja la kuvusha fedha mipakani: ziingie kwa sarafu moja, zitoke kwa nyingine, bila kupita kwenye mlolongo wa benki. Biashara ya namna hiyo huishi kwa ada ndogo. Ilikuwa imeshaonja ladha ya mtandao wenye mwenyewe. Mwishoni mwa 2015 Safaricom ilifunga njia ya M-Pesa ambayo BitPesa iliitumia kupitia kampuni ya Lipisha. Shauri likafika Mahakama Kuu jijini Nairobi, jaji akakataa kutoa amri ya muda ya kuirudisha huduma, na mwezi huohuo wa Desemba Benki Kuu ya Kenya ikatoa tahadhari kwa umma dhidi ya sarafu kama Bitcoin. Kwa M-Pesa, swali la nani anatawala lina mlango wa kubisha hodi, hata kama jibu litakalotoka ndani ni hapana. Waliokuwa wakigombania ukubwa wa bloku hawakuwa na mlango huo.

Kwa hiyo wakajaribu vikao. Cha kwanza kilifanyika Montreal mwezi Septemba 2015, cha pili Hong Kong mwezi Desemba. Katika hicho cha pili, Pieter Wuille wa Ubelgiji alieleza mpango uliokuja kuitwa SegWit: kuhamisha sahihi za malipo mahali pengine ndani ya bloku ili nafasi iongezeke bila kuzilazimisha nodi za zamani kubadilika. Wazo kwamba jambo hilo lingewezekana kwa njia hiyo ya upole lilitoka kwa Luke Dashjr, mwandishi wa programu wa Florida mwenye misimamo isiyopinda. Jina lake lisisahaulike, litarudi.

Bitcoin XT haikufika popote. Nodi zake zilishambuliwa mtandaoni hadi zikazimika, na wachimbaji hawakuthubutu. Tarehe 14 Januari 2016 Hearn alitangaza kwamba Bitcoin imeshindwa na kwamba ameuza sarafu zake zote. Mwezi uliofuata, wachimbaji wakubwa, ambao wengi walikuwa China, walikaa na baadhi ya waandishi wa programu Hong Kong, katika jengo la Cyberport. Kikao kilikesha hadi saa tisa na nusu za usiku. Walitoka na karatasi: SegWit itatolewa, wachimbaji watatumia tu programu zinazooana na Bitcoin Core, ile programu ya asili iliyosimamiwa na Van der Laan, na walioketi pale wataandika msimbo wa kupanua bloku hadi megabaiti 2 ifikapo Julai.

Kasoro ya karatasi ile ilikuwa nyepesi kuiona na nzito kuikubali. Waandishi wachache walioitia sahihi hawakuwa wajumbe wa yeyote. Wenzao waliobaki nyumbani walisema wazi kwamba hakuna aliyewatuma. Julai ilipopita bila msimbo huo kuingizwa katika programu, wachimbaji waliona wamedanganywa, na kwa mtazamo wao walikuwa na sababu. Kutoka hapo uaminifu ukavunjika. Andresen naye alikwisha kuondolewa: mwezi Mei 2016 alitangaza kuamini kwamba Craig Wright wa Australia ndiye Satoshi, na wenzake wakampokonya ruhusa ya kugusa msimbo siku hiyohiyo.

Mwaka huohuo mtandao wa jirani ulionyesha njia nyingine. Tarehe 17 Juni 2016 mtu alichota ether milioni 3.6 kutoka mfuko wa pamoja ulioitwa The DAO, uliojengwa juu ya Ethereum. Vitalik Buterin, mwanzilishi wa Ethereum, na wenzake walipendekeza daftari lirekebishwe ili fedha zirudi kwa wenyewe. Wenye sarafu wachache wakapiga kura mtandaoni, na tarehe 20 Julai ikawa hivyo. Walioona ni dhambi kulifuta lililokwisha andikwa walibaki kwenye daftari la zamani, ambalo hadi leo linaitwa Ethereum Classic. Ilichukua mwezi mmoja tu. Ethereum ilikuwa na mwanzilishi hai, mwenye sura na sauti, na watu wengi walimfuata. Bitcoin ilikuwa na kiti kitupu.

SegWit ilitoka mwezi Oktoba 2016 ikiwa na sharti kwamba ingewashwa iwapo asilimia 95 ya bloku zingeonyesha kuikubali. Sharti hilo liliwekwa kwa usalama, ili mtandao usigawanyike, lakini wachimbaji walilisoma kama kura ya turufu. Miezi ikapita, kiwango kikabaki karibu na theluthi. Jihan Wu, kiongozi wa Bitmain iliyotengeneza sehemu kubwa ya mashine za kuchimbia duniani, aliunga mkono programu nyingine ya bloku kubwa, Bitcoin Unlimited, pamoja na Roger Ver, mwekezaji aliyekuwa amehubiri Bitcoin tangu 2011.

Hapo ndipo mtu aliyejiita Shaolin Fry, ambaye jina lake halisi halikujulikana, alipogeuza swali. Mapema 2017 alipendekeza kwamba nodi zisingoje wachimbaji: kuanzia tarehe 1 Agosti 2017, nodi zitakazotumia programu yake zitakataa bloku yoyote isiyoikubali SegWit. Luke Dashjr alikuwa miongoni mwa waliolipigania pendekezo hilo kwa nguvu zaidi. Wafuasi walivaa kofia zenye herufi UASF, kifupi cha Kiingereza cha mabadiliko yanayowashwa na watumiaji, na wakubwa wa biashara wakaona ni utoto. Nodi zile zilikuwa chache, na mtu aliweza kuzianzisha mia moja kwa kukodi seva.

Ila tishio halikuwa katika idadi. Mchimbaji hutumia umeme leo kwa matumaini ya kuuza bitcoin 12.5 za bloku yake. Bloku hiyo ikikataliwa na watu ambao angewauzia, umeme umeungua bure. Hahitaji kujua kwamba wengi wataikataa. Inatosha asiwe na hakika kwamba wataipokea. Mamlaka yaliyotumika kiangazi kile yalikuwa mamlaka ya kukataa, na hayakuhitaji ofisi wala wingi.

Mkataba wa New York wa mwezi Mei ulikuwa jibu la kampuni: SegWit kwanza, kisha bloku za megabaiti 2 ndani ya miezi sita. Tarehe ya Agosti ikikaribia, wachimbaji walianza kuonyesha kukubali kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Kufikia Julai 21 ilikuwa wazi kwamba SegWit itawashwa, na tarehe 24 Agosti 2017, kwenye bloku namba 481824, ikawashwa. Waliotaka bloku kubwa kwa vyovyote hawakungoja. Tarehe 1 Agosti walijitenga na kuanzisha Bitcoin Cash yenye bloku za hadi megabaiti 8, na kila aliyekuwa na bitcoin siku ile akajikuta na sarafu mbili.

Ikabaki nusu ya pili ya mkataba. Mwandishi wa programu Jeff Garzik alikuwa ameandaa programu ya kuitekeleza, na upanuzi ulipangwa kwa bloku namba 494784, katikati ya Novemba. Safari hii soko lenyewe liliulizwa. Mwezi Oktoba soko la sarafu la Bitfinex liliruhusu watu kununua mapema sarafu za pande zote mbili, na ile ya mkataba wa New York ikauzwa chini ya robo ya bei ya nyingine. Kampuni moja baada ya nyingine ikajitoa. Tarehe 8 Novemba Mike Belshe wa kampuni ya BitGo alituma barua pepe, iliyosainiwa pia na Garzik, Wu na wengine watatu, kusema kwamba maafikiano hayatoshi na mpango umesitishwa. Waliong'ang'ania kuendesha programu ile hata hivyo walifika hatua ya mwisho ya kusikitisha: ilikwama bloku moja kabla ya siku yake, kwa kosa la kuhesabu.

Washindi walisherehekea, na walikuwa na haki. Kama kampuni 58 zingeweza kubadilisha kanuni za Bitcoin kwa kikao kimoja, basi zingeweza pia kubadilisha ile ya milioni 21, na serikali yenye nguvu ingejua ni kina nani wa kuwaita. Jambo hilo halikuwa dogo.

Lakini gharama ililipwa, na haikulipwa na washindi. Tarehe 6 Desemba 2017 duka la michezo ya kompyuta la Steam liliacha kupokea Bitcoin kwa sababu ada ya malipo moja ilikuwa imekaribia dola 20. Kabla ya Krismasi wastani ulipita dola 50. Aliyekuwa na bitcoin za kuweka alitazama bei ikikaribia dola 20,000 akafurahi. Aliyetaka kumtumia mama yake dola 60 alikuwa ameshatolewa kwenye mtandao huu, na katika vikao vya Montreal, Hong Kong na New York hakuwa na kiti cha kupoteza. Ada zilishuka baadaye, na kuanzia 2018 malipo madogo yakaanza kuhamishiwa kwenye mtandao wa Lightning uliojengwa juu ya SegWit. Mwaka 2022 Kgothatso Ngako wa Afrika Kusini aliuleta mtandao huo hadi kwenye simu za vitufe kupitia huduma yake ya Machankura, ambayo watu hutumia kwa kubonyeza namba fupi katika nchi kadhaa, Kenya ikiwamo. Ni kazi ya kupongezwa. Bado, mwenye simu ya vitufe hana nodi. Anayemshikia sarafu ndiye mwenye neno.

Walioondoka nao hawakupumzika. Mwezi Novemba 2018 Bitcoin Cash iligawanyika, upande mmoja ukiwa na Craig Wright. Mwezi Novemba 2020 ikagawanyika tena, mara hii kwa ugomvi juu ya asilimia 8 ya mapato ya uchimbaji kwenda kwa waandishi wa programu. Wright aliendelea kudai yeye ndiye mwanzilishi na kuwashtaki waandishi wa Bitcoin Core; tarehe 14 Machi 2024 jaji James Mellor wa Mahakama Kuu jijini London alitamka kwamba siye. Van der Laan alikuwa ameshaacha kazi yake. Usimamizi wa msimbo umebaki kwa kikundi kidogo cha watu wasiozidi vidole vya mkono mmoja au miwili, ambao hujitahidi kueleza kwamba wao si watawala.

Mwezi Oktoba 2025 kikundi hicho kilitoa toleo la 30, ambalo lililegeza kikomo kingine: kiasi cha taarifa zisizo malipo ambazo nodi hupokea na kusambaza. Waandishi wake walisema kikomo kile hakikuwa kikizuia kitu tena. Wapinzani walisema daftari la fedha linageuzwa ghala la picha. Maelfu ya wenye nodi wakaiacha Bitcoin Core na kuhamia programu nyingine, Bitcoin Knots. Mwenye kuitunza Knots ni Luke Dashjr, na baadhi ya waliomfuata ni walewale ambao mwaka 2017 walitishia kukataa bloku za wachimbaji ili mpango wa waandishi wa Bitcoin Core upite.